Samaki Mumoja, Vichupa Saba

Kwetu, ukimuuliza mutu nani aliharibu maisha yake, atakujibu: vita. Mimi sijibu hivyo. Nilisoma miaka minne tu ya primaire, lakini najua vita haina mikono ya kubeba bidoni za samaki. Zilibebwa na mutu, na mutu huyo namufahamu, nimemupikia bugali mara nyingi. Majina siandiki. Wajukuu wake wanasoma darasa moja na wajukuu wangu hapa Goma, na watoto hawakuiba kitu. Lakini kazi ya kila mumoja nitaitaja.

Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mukubwa wa bwana yangu, aliyekuwa prezida wa komite ya wavuvi kule kwetu Rutshuru. Wa pili ni komanda wa kikosi kilichokaa karibu na daraja. Wa tatu ni mimi mwenyewe, na hilo nitalisema likifika mahali pake.

Muto wetu ulikuwa umechoka. Wakimbizi walipita wengi, wakavua kwa chandarua, kwa sababu mwenye njaa anavua na kitu alichonacho. Askari wakavua kwa grenade, kwa sababu askari hapendi kungoja. Ikafika wakati mutu anashinda mutoni tangu asubuhi, anarudi na kambale mumoja mwenye urefu wa kijiko. Ndipo projet moja ikaja. Kwenye centre yao walikuwa na étang, yale mabwawa ya kuchimba ya kufugia samaki, na pale walizalisha tilapia. Walisema watatuletea watoto wa samaki tuwamwage mutoni, wakue, wazae, na sisi tupate kuvua tena kama baba zetu. Tukapiga makofi. Bwana yangu alikuwa amefanya kazi kwenye étang za paroisse, kwa mapadri, tangu ujana, kwa hiyo watu wakamuchagua yeye asimamie kumwaga.

Kamyo ilileta bidoni makumi mawili za njano, yale madumu ya mafuta, na ndani yake watoto wa samaki wadogo kama mbegu za maboga. Shemeji alifika na pikapu ya komanda. Akaonyesha bidoni sita kwa kidole.

"Hizi zinaenda juu, karibu na daraja," akasema. "Nitazipeleka mimi mwenyewe. Huko askari hawaruhusu kila mutu."

Bwana yangu akamuangalia. "Kaka, kule maji yako na nguvu. Watoto hawa watabebwa."

"Wewe unajua samaki. Mimi najua komanda."

Watu wakacheka, na bidoni sita zikapanda pikapu. Zile zilizobaki tulizimwaga sisi wawili. Nasema tulizimwaga kwa sababu nusu yake nilizibeba mimi, zimefungwa mugongoni na kitenge kama mutoto, maji yakinitiririkia mpaka visigino. Bwana yangu hakukubali nizimimine mara moja. Alilaza kila bidoni ndani ya maji ya muto, mudomo juu, akangoja.

"Unangoja nini?" nikamuuliza. "Si wamefika kwao?"

"Bado. Maji ya bidoni yamepata joto njiani. Ukiwatoa gafula wanakufa. Hii si maji ya kuosha masahani, mama."

Tulikaa hapo mpaka jua likatupita kichwani. Kisha akawa anainamisha bidoni polepole, na wao wenyewe wanatoka. Wanasimama kidogo kwenye mudomo wa bidoni kama watu wanaotazama mvua, halafu wanaenda. Niliona kwa macho yangu. Hakuna bidoni yetu hata moja iliyoenda sokoni.

Mwaka uliofuata nyavu zilitoka tupu. Wavuvi wakauliza samaki wako wapi, watu wa projet nao wakauliza. Komite ikaita mukutano. Shemeji akasimama, akajipangusa uso na kitambaa, akasema: "Inaniuma kusema. Yule niliyemwamini ni wa tumbo moja na mimi."

Watu wote wakamugeukia bwana yangu, na yeye akanyamaza.

Hapa mugeni hawezi kuelewa, kwa hiyo naeleza. Katika ukoo wao mudogo hamujibu mukubwa mbele ya watu. Akiwa na neno, anangoja mukubwa aite kikao cha nyumbani, na pale kila mumoja anasema lake. Bwana yangu alingoja kikao. Shemeji hakukiita, maana alijua vizuri: pasipo kikao hakuna jibu. Watu wakahesabu kimya kile kuwa ni kukubali. Wakamunyanganya nyavu. Askari wa komanda wakamulaza kwenye kiwanja cha mupira, wakamupiga fimbo, na watoto wetu wanatazama.

"Nenda useme," nilimwambia nikimukanda na maji ya moto. "Useme tu mbele yao."

"Kaka ataita kikao."

"Hataita."

"Ataita. Ni kaka."

Huyo ndiye mutu waliyemuita mwizi. Na nyuma ya kambi ya komanda kulikuwa na étang mpya. Kila mutu aliona udongo wake unavyochimbwa. Hakuna aliyekaribia, na hakuna aliyeuliza ndani muna nini. Yule komanda alipandishwa cheo baadaye, nasikia yuko salama na amenenepa.

Kisha mapigano yakatukuta nyumbani. Tulitembea mpaka kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, tukajenga kibanda cha bâche, turubai la msaada, juu ya mawe ya volkano, mahali hata kijiti hakiingii chini. Pale ndipo nilipojifunza kuhesabiwa. Wakati wa kuandika watu kwenye liste ya chakula, nyumba iliyosema ukweli ilipata maharagwe ya kumalizika upesi. Kwa hiyo kila nyumba ilijigawa. Mimi niliandikwa mara tatu: kama muke wa bwana yangu, kama mujane wa Masisi, na kama shangazi ya watoto wangu mwenyewe, kila mara na kitambaa tofauti kichwani. Jirani yangu alizaa mapacha kwenye karatasi tu. Karani alijua, akacheka, akaandika, maana yeye pia alikuwa na wake wawili kwenye liste na mumoja nyumbani. Hatukuona dhambi. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kichwa kimoja hakionekani. Ukitaka wakubwa wakuone, uwe wengi.

Bwana yangu alikufa hapo, kuhara kwa siku mbili. Shemeji alikuja kwenye mazishi na koti safi, akasema mbele ya kaburi: "Kilio hiki hakitaondolewa mpaka jambo la samaki litakatwa."

Kwetu kuondoa kilio ni kazi ya mukubwa wa ukoo. Siku hiyo anasimama, anauliza kama kuna mwenye neno na marehemu, kisha anatamka kwamba marehemu hana neno na mutu. Pasipo maneno hayo mujane anabaki na kitambaa cheusi, watoto hawaitwi kwenye mambo ya ukoo, na jina la baba yao halipewi mutoto yeyote anayezaliwa. Nilibaki hivyo miaka. Binti yangu alipozaa mutoto mwanaume, akataka kumupa jina la baba yake. Shemeji akatuma ujumbe: "Hatupandi mbegu ya wizi." Mutoto akapewa jina la mutakatifu wa siku hiyo. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu, maneno yale ya kuondoa kilio yasemwe.

Njia ya Rutshuru ilipofunguka, mimi nikawa nimehamia Mugunga, pembeni ya Goma, na nafanya biashara ya samaki. Naenda na kamyo mpaka muji wa Kiwanja, kule Rutshuru, nanunua kwa wavuvi, narudi kuuza Goma. Siku moja sokoni akaja binti mumoja wa universite, mutu wa Butembo, na buti za plastiki, akainama juu ya beseni yangu.

"Mama, hawa ni wa ziwa ao wa muto?"

"Kama wewe ni wa kununua, ni wa muto. Kama wewe ni wa taxe, ni wa jirani yangu."

Akacheka. "Mimi niko wa kuuliza tu."

"Hao njo wabaya zaidi."

Aliketi kwenye bidoni, akaanza kunielezea. Kuna samaki waliomwagwa mutoni zamani, akasema, na sasa wanataka kujua kama walibaki na kama walizaa. Kwa macho huwezi kujua, maana wanafanana na wale wa asili, na pengine wameshaoana nao. Lakini kila samaki anabeba ndani ya mwili wake kama maandishi aliyopewa na baba na mama, nusu kwa nusu, na wao walikuwa na machine ya kuyasoma. Mapezi ya wazazi walikuwa nayo tayari, kutoka étang za centre. Wanalinganisha tu.

"Hata kama ni wajukuu?" nikauliza.

"Hata wajukuu, mama. Undugu haufutiki upesi."

"Na hao unaowatafuta walimwagwa wapi?"

Akataja muto wetu. Mikono yangu ilikuwa na magamba. Nikaipangusa kwenye kitenge kama mutu anayetaka kumusalimia askofu. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwambia tu kwamba nafika kule kila juma na nitamusaidia. Kuanzia siku ile nikamuita Dokta, ingawa alikataa, akisema bado anasoma.

Alinifundisha kazi kwa siku moja. Unakata kipande cha pezi, kidogo kama ukucha wa mutoto. Unakitia kwenye kichupa chenye alkoli. Unaandika namba na mahali, unakiweka kwenye mufuko wako. Unapangusa kisu vizuri kabla ya kushika samaki mwingine. "Samaki mumoja, kichupa kimoja," alisema, na akanifanya nirudilie kama katekismo. Kulikuwa na wauzaji wengine wawili aliowapa vichupa, lakini hakuna aliyepangusa kisu kama mimi.

Mwezi wa pili wa kazi nikamupata. Muvuvi alimutoa kwenye wavu, na mimi, Dokta aseme asemavyo juu ya macho, nikamujua mara moja: mudomo mufupi, mistari ya mukia imenyooka, tumbo la mutu aliyekula pumba za watu wengine. Samaki wa étang wako hivyo, niliwaona kwa zile za paroisse. Nilimutambua kama unavyotambua mutoto wa jirani kwa mwendo wake. Nikaketi juu ya jiwe na kisu mukononi.

Sasa nasema kosa langu. Nilimuangalia samaki yule nikaona ushahidi wa bwana yangu, na nikaona ni mumoja. Nilifikiri: katika vichupa vyote watakavyofungua, mumoja ni nini? Atapotea kama tulivyopotea sisi. Nani aliyewahi kupewa bâche kwa kuwa mumoja? Nikakata pezi vipande saba, nikavitia kwenye vichupa saba, nikaandika namba saba, mahali saba, juu ya daraja, chini ya daraja, kwenye kona, kwa mawe.

"Mama," muvuvi akaniambia, "unamukata samaki ao unamushonea nguo?"

"Funga wavu wako."

Nilirudi Goma na furaha. Bwana yangu alikuwa na mashahidi saba.

Miezi ikapita, na mapigano yakarudi. Njia ikafungwa, watu wa kwetu wakajaa tena Kanyaruchinya na Munigi na hapa Mugunga. Dokta akaja nyumbani kwangu muchana mumoja, akaketi, hakukubali chai.

"Mama, unielezee kitu. Kuna samaki mumoja aliyekufa mara saba?"

Nikaweka kikombe chake chini.

"Machine ilionyesha saba wenye maandishi yaleyale, hakuna tofauti hata moja. Kaka na dada hawafanani hivyo. Kwanza nilifikiri kosa ni langu, labda nilimwaga kichupa ndani ya kingine. Nimerudia kazi majuma mawili. Nimelia, mama. Halafu nikaona namba zote saba ni za mufuko wako."

Nikamwambia yote, tangu bidoni makumi mawili mpaka kitambaa cheusi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Ningekuambia, ungeniondoa kwenye kazi."

"Ndiyo, ningekuondoa. Mwenye haja na jibu hapaswi kushika kisu." Akavuta pumzi. "Mufuko wako wote siwezi kuutumia. Kama ulimukata mumoja, najuaje hukukata wengine?"

"Nilikata huyo tu."

"Mimi nakuamini. Wakubwa wangu hawatakuamini, na wako na haki."

"Na yeye mwenyewe? Huyo samaki?"

Akaangalia chini. "Ni wa ukoo wa étang. Hakuna mashaka."

"Basi."

"Basi siwezi kumuandika, mama."

Usingizi ulinipotea majuma mengi. Mashahidi nilioona maishani mwangu walikuwa waongo, walionunuliwa, ao waliokimbia. Huyu alikuwa wa kweli, hana ulimi wa kumudanganya mutu, na mimi ndiye niliyemufundisha kudanganya. Ningemutia kwenye kichupa kimoja, angesimama. Shemeji hakunishika mukono siku ile. Komanda hakuwepo. Njaa ya Kanyaruchinya ilikuwa imepita. Lakini desturi yake ilibaki ndani ya vidole vyangu.

Watu wa projet waliita komite isikie rapport ya kazi ya Dokta. Mukutano ulifanyika hapa Goma, kwenye salle ya paroisse, kwa sababu komite nzima ilikuwa imekimbia. Komite ya muto, na hakuna mumoja anayeweza kufika mutoni. Dokta alisoma kwa sauti ndogo. Katika mapezi yaliyokubaliwa, hawakuona ukoo wa samaki wa centre. Akaongeza kwamba mapezi ni machache, na kutowaona si kusema hawakumwagwa: samaki wa étang amezoea kulishwa, hajui kujificha, kambale anamumaliza upesi. Walitaka kurudi kukata tena, lakini njia imefungwa.

Shemeji bado alikuwa prezida. "Mumesikia," akasema. "Hawakuonekana. Miaka hii yote nilikuwa nabeba haya ya ukoo peke yangu."

Nikasimama. Sheria ya mudogo na mukubwa haikunifunga mimi, sikuzaliwa na baba yao. Miaka yote nilijifunga nayo kwa heshima ya bwana yangu. Nikasema: alionekana mumoja. Nikasema nilimukata mara saba, na kwa nini. Nilijua kila neno linanishusha, lakini hakukuwa na njia nyingine ya kumutaja samaki yule pasipo kujitaja.

Shemeji alitikisa kichwa. "Bwana aliiba samaki, bibi ameiba vichupa. Nyumba iko na adabu yake."

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wameandikwa mara nne kwa liste, kunipita mimi, na wakacheka.

Muzee mumoja muvuvi, mwenye kiatu kimoja cha ngozi na kingine cha plastiki, akainua mukono. "Dokta, mimi sijui kusoma. Samaki huyo mumoja alikuwepo ao hakuwepo?"

"Kwa rapport hayupo, muzee. Mutoni alikuwepo."

"Alitoka wapi?"

"Hilo pezi haliwezi kuniambia."

"Ni rahisi," shemeji akadakia. "Alitoka kwa étang ya komanda. Ile mvua kubwa ilibomoa ukuta wake, maji yote yakaingia mutoni. Musimupe mwanamuke huyu sifa ya bure."

Muzee akamugeukia shemeji. "Mimi nilijua étang ya komanda ilikuwepo," akasema. "Sikujua kama ilikuwa na samaki wa projet. Wewe ulituambia bidoni sita zilienda daraja. Nani alimupelekea komanda samaki hao?"

Shemeji akatafuta kitambaa chake mufukoni. Ngambo ya ukuta watoto wa koro, wale wa kuimba misa, walikuwa wanajaribu wimbo. Kisha akasema tuendelee na jambo la nyavu. Na wakaendelea. Nataka ijulikane: waliendelea na jambo la nyavu, wote, pamoja na wale waliomunyanganya bwana yangu nyavu zake. Dokta peke yake ndiye aliyebaki ananitazama.

Nimelifikiri sana tangu siku ile. Pengine shemeji alisema kweli bila kupenda, na samaki wangu alikuwa mujukuu wa bidoni sita za wizi. Pengine wetu, tuliowangojea mpaka maji yapoe, waliliwa na kambale juma la kwanza. Basi shahidi wangu alikuwa wa kumuhukumu kaka, hakuwa wa kumuokoa mudogo. Dokta aliniambia kama njia itafunguka wataanza upya, na kwamba kisu atashika mutu mwingine. Nilimwambia ni sawa.

Jumapili ya tatu baada ya mukutano, shemeji alituma ujumbe: tupange siku ya kuondoa kilio. Hakueleza kwa nini sasa. Alikuja Mugunga na wazee wawili wa ukoo, akaketi kwenye kiti nilichoazima. Watoto wangu walikaa mbele, binti yangu na mutoto wake magotini. Shemeji akasimama, akauliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Hakuna aliyejibu. Akatazama juu ya vichwa vyetu, akasema: "Mudogo wangu hana neno na mutu."

Nilingoja aendelee. Wazee nao walingoja. Binti yangu alikuwa tayari anamunongoneza mutoto jina la babu yake sikioni, mara ya kwanza, polepole ili alishike. Shemeji akaketi. Nikafungua kitambaa cheusi kichwani, nikakikunja, na hewa ikanigusa nywele. Neno nililolitaka zaidi, kwamba mudogo wake hakuiba, lilibaki kwake, na atazeeka nalo.

Akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kumuletea.